Mguu Juu ya Kanyagio: Mionzi Katika Upasuaji wa Vijiwe vya Figo

Kinga ya mionzi inapozungumziwa katika vyumba vya upasuaji hapa Kampala, mazungumzo huanzia kwenye aproni ya madini ya risasi, yanayozuia mionzi, na ni haki yake. Ila mimi ninayefanya kazi ya eksirei naamini kwamba kinga kubwa kuliko zote imo chini ya mguu wa daktari, kwenye kanyagio la kuwashia mionzi. Aproni humkinga aliyeivaa, ilhali kanyagio likiachiwa mapema hunusurika kila aliyemo chumbani, akiwemo mgonjwa mwenyewe, ambaye havalishwi chochote mahali mionzi inapopita.

Daktari anapopitisha kamera nyembamba kwenye kibofu hadi ndani ya ureta, mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, ili kutoa kijiwe, eksirei humwonyesha waya elekezi umefika wapi na stenti, yaani kimrija kinachoachwa ndani ili mkojo upite, imekaaje. Kwa kazi hiyo hakuna haja ya picha inayotembea mfululizo. Mashine nyingi zinaweza kutoa mionzi kwa mapigo, yaani kwa vipindi vifupi vifupi, na kushuka kutoka mapigo 30 kwa sekunde hadi 4, au hata 1, hupunguza mionzi kwa kiasi kikubwa huku waya ukionekana vizuri tu. Picha ya mwisho hubaki kwenye skrini baada ya mguu kuondolewa, kwa hiyo daktari aitazame hiyo anapofikiri. Nami kwa upande wangu nabana mwale uishie kwenye figo inayoshughulikiwa, naweka bomba la eksirei, linalotoa mionzi, chini ya kitanda, na kipokea picha nakisogeza karibu kabisa na mwili wa mgonjwa.

Mionzi inayotufikia sisi wahudumu hutoka zaidi kwenye mwili wa mgonjwa, ambako hutawanyika kila upande. Muuguzi aliyesimama mita 1 akirudi nyuma hadi mita 2 hubaki na takriban robo yake, bila gharama yoyote. Macho nayo yasisahauliwe: mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilishusha kikomo cha lenzi ya jicho kwa wafanyakazi kutoka milisiveti (kipimo cha mionzi inayompata mtu) 150 kwa mwaka hadi wastani wa 20, na bado miwani ya risasi ni adimu kuliko aproni.

Kwa vijiwe vikubwa vinavyotolewa kwa kutoboa mgongoni, altrasaundi inaweza kuongoza sindano hadi ndani ya figo, na kwa mama mjamzito ndiyo ya kutangulizwa. Inahitaji mkono uliozoea, jambo ambalo kwangu ni sababu ya kuwafundisha madaktari vijana mapema, wala si kisingizio cha kuiacha. Tena vijiwe hurudi: mgonjwa aliyekwisha kupigwa CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka zinazoundwa na kompyuta, kabla ya upasuaji hana sababu ya kupigwa nyingine kila anapokuja kliniki, ikiwa altrasaundi, au CT ya mionzi midogo isiyofika milisiveti 4, itajibu swali lile lile.