Basi la Asubuhi Kwenda Wembley

Tuliondoka Whitstable, mji mdogo wa pwani ya kusini-mashariki mwa Uingereza, asubuhi mapema, Jumapili ya tarehe 11 Mei 2025, na hata barabara kuu hatujaifikia watu walishafungua vyakula vyao. Skafu nyekundu na nyeupe zilining'inia madirishani. Pembeni yangu alikaa mama mtu mzima, kopo la biskuti mapajani. Hakuniuliza jina wala natoka nchi gani. Aliniuliza nimeanza lini kuifuata Town, yaani Whitstable Town, timu ya soka ya mji huo. Nikamjibu, tangu Oktoba. Akaridhika, akafungua kopo.

Mimi ninaishi Canterbury, kazi yangu ni kutunza wazee. Kutoka Canterbury hadi Whitstable kuna njia ya baiskeli iitwayo Crab and Winkle Way, inayofuata reli ya zamani iliyofunguliwa mwaka 1830. Mara ya kwanza niliifuata kwa ajili ya bahari tu. Mimi ni mtoto wa Tanga. Maji yakitoka pale Whitstable unakuta matope, magamba ya chaza, na vyombo vimelala ubavu, na ile harufu nilidhani nimeiacha kwetu, Deep Sea. Chaza ndiye aliyeujenga mji huo, na klabu yao, iliyoanzishwa mwaka 1886, inajiita Wavuvi wa Chaza. Jumamosi moja nikafuata sauti za watu hadi uwanja wa Belmont. Pale unasimama umeegemea chuma, kipa yuko hatua chache mbele yako, kila anachomfokea beki wake unakisikia. Chai wanauza watu waliojitolea, na nusu yao wana mtoto au mpwa aliyepita katika timu hiyo. Sikurudi kuwa mtu wa bahari tu.

Kombe lililotupeleka Wembley ni FA Vase. Wanaoruhusiwa kuingia ni klabu za ngazi ya 9 na ya 10, ukihesabu Ligi Kuu ya Uingereza kuwa ya kwanza. Lilianza msimu wa 1974/75, baada ya chama cha soka kufuta ile tofauti ya mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa, na kombe la zamani la ridhaa likafa. Hoddesdon Town ndio waliolibeba kwanza. Kila msimu zinaingia timu zaidi ya 500, mtoano unaanza siku za joto wakati nyasi bado kavu, unapita kwenye tope la Januari, na ukifika Mei zimebaki mbili. Ukifungwa mara moja, basi. Wachezaji Jumatatu wanarudi makazini.

Nimelifikiria sana hili kwa sababu ya baba. Yeye ni African Sports damu, ile klabu ya Tanga, Wana Kimanumanu, na mimi nimelelewa kwenye majukwaa ya uwanja wa Mkwakwani. Kwetu Tanzania Kombe la Shirikisho linachanganya wote, wakubwa na wa mchangani. Timu ndogo ikipangiwa Simba au Yanga, mji mzima unashangilia droo, watu wanaandamana hadi uwanjani, kisha inafungwa na habari yake inaishia hapo. Siku hiyo moja ni tamu, sikatai. Lakini ni siku ya kumwona mkubwa. Katika Vase hakuna mkubwa wa kumwona. Lazima mdogo mmoja alinyanyue kombe, hakuna namna nyingine, na nadhani hilo ndilo tunalolikosa.

Tulipovuka daraja la mto Medway wakaanza kuimba. Mama wa biskuti alinisimulia habari za Whitley Bay, mji mwingine wa pwani, kaskazini kabisa, uliolichukua kombe hili miaka mitatu mfululizo, 2009 hadi 2011. Aliwataja kama watu wanavyotaja mabingwa wa Ulaya.

Tao la Wembley lilionekana kwa mbali, na basi zima likanyamaza. Mzee mmoja wa mbele alivua kofia.

Wapinzani walikuwa AFC Whyteleafe, kutoka kijiji cha Surrey. Klabu yao ya zamani ilikufa mwaka 2021, wakaanzisha hii papo hapo, na miaka minne baadaye wako Wembley. Niliwaona wa kijani na nyeupe wakipanda ngazi na watoto mabegani, nikajua kwamba yeyote atakayelia leo, nitamhurumia.

Mechi yenyewe siwezi kuisimulia vizuri. Nilikuwa nimeshikwa mkono na mama yule, na kila mpira ukipigwa langoni kwetu alinibana hadi vidole vikafa ganzi. Ninachokumbuka ni ubao: 2-1, sisi ndio wenye mbili, na dakika zisizosogea. Filimbi ilipolia hakushangilia. Alikaa chini, akafunika uso kwa skafu.

Tulibaki kutazama fainali ya pili, maana tangu 2016 tiketi moja inakuonyesha fainali ya Vase na ya FA Trophy, ya ngazi za juu kidogo. Aldershot Town waliifunga Spennymoor Town 3-0. Hao Spennymoor walibeba Vase mwaka 2013. Ngazi wameipanda kweli.

Katikati ya mechi hizo nilimpigia baba. Tanga ilikuwa alasiri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kelele gani hizo?"

"Niko Wembley. Timu yangu imechukua kombe."

"Arsenal?"

"Whitstable. Wako ngazi ya tisa."

Akanyamaza. "Ya tisa? Na wamewapa Wembley?"

Nikageuza simu aone wachezaji wakizunguka uwanja na kombe, vitoto vyao vikiwakimbilia. Alitazama muda mrefu. Kisha nikasikia anawaita wenzake wa barazani waje, anawaambia sogeeni, tazameni, hawa ni wavuvi.