Sahani imejaa, mzani haupandi

Kuna vijana wananyanyua vyuma mwaka mzima na mzani hausogei. Ukiwauliza watakwambia wanakula sana, na kwa macho ni kweli, sahani ni mlima. Ila mlima wenyewe sehemu kubwa ni maji. Unga wa mahindi gramu 150 una kalori kama 540; ukishausonga unapata ugali wa karibu gramu 450. Tumbo linajaa kabla hesabu haijatimia.

Mchukue kijana wa kilo 60, kazi yake ya kukaa, jimu mara nne kwa wiki. Kubaki alipo tu anahitaji kama kalori 2,200 hadi 2,400 kwa siku. Ili aongeze misuli azidishe 300 hadi 500 juu ya hapo, na protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani karibu gramu 100.

Sasa itazame siku yake. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili: 400. Mchana ugali, maharage nusu kikombe, mchicha uliokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta: 800. Usiku wali vikombe viwili na dagaa: 600. Jumla 1,800. Ameshiba mara tatu na bado ana upungufu.

Kumwambia aongeze ugali ni kumtesa, maana hapo pa kuuweka hapana. Kinachosaidia ni chakula kizito kwa kalori lakini chepesi tumboni, na hapa uji wa maziwa na karanga hauna mpinzani. Kwa mtu mmoja: unga wa ulezi gramu 40 (vijiko vinne vya chakula vilivyojaa), maji mililita 200, maziwa yasiyotolewa mafuta mililita 300, siagi ya karanga vijiko viwili vya chakula, sukari vijiko viwili vya chai, ndizi mbivu moja.

Koroga unga kwenye maji ya baridi mpaka usione punje kavu. Ukiutupa kwenye maji yanayochemka, nje ya kila donge inaiva na kuufungia unga mbichi ndani, na hapo hata upige mwiko vipi madonge hayaishi. Weka motoni, koroga bila kuacha mpaka uchemke, uache dakika kumi kwa moto mdogo. Ndipo umimine maziwa. Yakiwekwa mapema yanashika chini na uji mzima unanuka kuungua. Epua, chota uji kidogo kwenye bakuli, lainisha siagi ya karanga humo, kisha rudisha kwenye sufuria. Ndizi iponde mwishoni. Hapo una kalori kama 660 na protini gramu 22, na unakunywa kwa dakika tano.

Ongeza karanga za kukaanga gramu 40 mchana na mayai mawili usiku. Siku inafika kalori 2,800 hivi, na protini karibu gramu 100. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au ladha chungu zitupe bila huruma. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kukaanga. Mayai yapikwe. Wale wanaomeza mabichi wanapoteza: yai lililopikwa mwili unachukua karibu asilimia 90 ya protini yake, bichi kama nusu tu.

Uji unywe baada ya mazoezi au saa moja kabla ya kulala. Ukiunywa saa kumi na mbili jioni, chakula cha usiku hakitaingia, na utakuwa umebadilisha tu badala ya kuongeza. Hili ndilo kosa linalowaangusha wengi.

Mzani upande asubuhi, baada ya msalani na kabla ya kula, siku tatu au nne kwa wiki, kisha chukua wastani. Wiki ya kwanza unaweza kuruka kilo nzima. Hiyo ni maji na chakula kilichomo tumboni. Baada ya hapo robo kilo kwa wiki inatosha. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, ongeza kalori 200: kijiko cha mafuta kwenye mboga na robo ya parachichi kubwa. Suruali ikibana kiunoni huku uzito wa vyuma haupandi, punguza.

Na tafadhali, vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri viache. Vingine vina dawa za steroidi (si zile za kujenga misuli) zinazovimbisha uso na kula misuli yenyewe unayoitafuta.

Maziwa yakikuvuruga tumbo, anza na mililita 100 uongeze kila baada ya siku tatu, au tumia mtindi. Ila uji upoe kwanza mpaka uweze kuugusa kwa kidole, maana mtindi ukikutana na moto unakatika.