Kwani mlima wetu umeisha?

Mama aliniuliza hivyo nilipomwambia kwamba mwishoni mwa Januari nakwenda Argentina kupanda mlima. Nyumbani kwetu ni Kilema, na asubuhi isiyo na mawingu anaiona Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, huku anafagia uwanja. Kwake kulipa nauli ya ndege kwenda kutafuta baridi ni jambo la ajabu, na sikumlaumu. Nilimwambia tu kwamba safari hii mgeni ni mimi.

Wanaonifahamu wanajua nilianza kama mgumu, yaani mpagazi, njia ya Machame ya Kilimanjaro, nikibeba mahema ya wageni kichwani na begi langu mgongoni. Baadaye nikamsaidia mpishi, nikasomea uongozaji, na sasa ni mwongozaji msaidizi mwenye leseni. Miaka yote hiyo kazi yangu imekuwa kuandaa safari ya mtu mwingine. Najua kumkagua mgeni buti zake hotelini, najua kumsikiliza anavyokohoa usiku. Kujiandaa mwenyewe ni habari nyingine kabisa, na ndiyo maana nimeamua kuandika kabla sijaondoka. Nikirudi najua nitasimulia kilele tu, kama wote.

Mlima wenyewe ni Aconcagua, mkoa wa Mendoza, karibu na mpaka wa Chile. Una mita 6,961, na ukitoa milima ya Asia hakuna mrefu zaidi yake duniani. Mswisi Matthias Zurbriggen alifika kileleni Januari 1897, akiwa peke yake. Njia ya kawaida haihitaji kamba wala ufundi wa kupanda miamba, na hapo ndipo watu wanapopotea kwa hesabu. Wanachukua 6,961, wanatoa 5,895 ya Uhuru, ncha ya juu ya Kibo, wanabaki na mita 1,066, wanasema si mbali, ni kama kutoka kambi ya Horombo kwenda kambi ya Kibo.

Mita hizo hazifanani. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa popote ulipo, ufukweni Tanga au Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Uhuru umebaki kama nusu ya ule wa baharini. Kilele cha Aconcagua ni asilimia arobaini na kidogo. Tena Kilimanjaro iko jirani na ikweta, ambako hewa imejaa juu zaidi, wakati Aconcagua iko nyuzi 32 kusini, kwa hiyo hata kwa mita zilezile hewa yao ni nyepesi kuliko yetu. Mtu wa Kili akifika kule anauona mwili wake unachoka mapema kuliko kipimo cha mita kinavyosema, na si uvivu.

Lakini hata hewa sio inayonisumbua zaidi. Zinanisumbua siku na kilo.

Kwanza siku. Kwetu mgeni analala kambi ya Barafu, mita 4,673, saa sita usiku tunamwamsha kwenda samiti, yaani kileleni, na jioni ileile yuko Mweka Camp anakula supu. Usiku mmoja tu juu ya mita 4,600. Tunapanda na kuteremka kabla mwili haujashtuka vizuri, na wengi wanafika kwa sababu hiyo. Aconcagua haikubali mchezo huo. Unaanzia lango la Horcones, unalala kambi ya Confluencia, karibu mita 3,400. Hapo tumepanga usiku mbili, na katikati matembezi ya kwenda Plaza Francia kuuona ukuta wa kusini na kurudi kulala. Halafu siku ndefu ya bonde kavu hadi Plaza de Mulas, karibu mita 4,300, ambako ndiyo kambi kuu. Kambi zote mbili kuna daktari, anakupima presha na oksijeni kidoleni, asiporidhika, hupandi. Kutoka pale ni Plaza Canadá, Nido de Cóndores kwenye mita kama 5,550, na Cólera, karibu mita 6,000. Maana yake kambi yao ya mwisho iko juu kuliko Uhuru Peak. Nimeiandika sentensi hii kwenye karatasi na kuibandika mlangoni.

Kibali kinatolewa na serikali ya mkoa wa Mendoza na kinadumu siku 20. Ukiwatazama wanaopanga kwa haraka, utaona wanazijaza siku zote kwa kutembea. Sisi tumeanza kwa kuandika siku za kukaa bure: baada ya kufika Mulas, baada ya kupeleka mzigo Canadá na kurudi, pale Nido, na nyingine kadhaa tumeziacha tupu kwa ajili ya upepo. Upepo wa kule unatoka Pasifiki na una jina lake, viento blanco, upepo mweupe, unaporusha theluji hadi huoni mkono wako. Nimewahi kupigwa na upepo Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kibo, lakini sikuwahi kuutegea siku tatu ndani ya hema nikisubiri unyamaze. Kule ndivyo wanavyofanya. Mwenye siku za akiba anapanda, asiye nazo anarudi nyumbani na picha za hema.

Nasema sisi kwa sababu niko na mwenzangu, kaka mmoja wa Nanyuki anayeongoza watu Mlima Kenya. Yeye ni wa kamba na miamba, Batian, kilele cha juu cha mlima huo, kwake ni kama sokoni. Tulikutana kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, tukaendelea kuwasiliana. Ubalozi wa Argentina anaoutumia Mtanzania uko Nairobi, kwa hiyo kwa viza yeye anapanda matatu na mimi napanda basi la Namanga na bahasha ya karatasi: taarifa za benki, barua ya kazi, tiketi. Taarifa za benki za mtu anayelipwa kwa msimu, na nusu ya pato ni bakshishi ya fedha taslimu, ni hadithi ya kuchekesha. Nilianza kuweka bakshishi zangu benki tangu mwaka jana ili zionekane zina historia.

Sasa kilo. Kilimanjaro mgumu anaruhusiwa kilo 20 za kampuni, na zinapimwa getini. Mgeni anabeba maji, koti na simu. Aconcagua nyumbu wa mizigo anabeba kilo 60 hadi Plaza de Mulas, na tumeshazungumza na watu wa Mendoza watukodishie nusu ya nyumbu. Kuanzia Mulas kwenda juu, wapagazi wapo lakini bei yao ni ya wenye dola. Kwa hiyo mgumu ni mimi tena, safari hii kwenye mita 5,000 na zaidi, na hakuna wa kumnung'unikia.

Ndiyo maana kila Jumapili jioni tunapigiana simu ya video na mizani ya jikoni katikati. Kaka anapunguza kila kitu. Mswaki wake ameukata mpini.

"Dada, hizo sufuria mbili za nini?"

"Moja ya maji ya theluji, moja ya chakula."

"Tutakula na hiyohiyo ya maji."

Nilikaa mesi na jikoni za mlimani muda mrefu, najua mtu akichoka hali chakula chenye ladha ya supu ya jana. Sufuria ya pili imebaki. Kikaango kimetoka. Chupa ya chai ya lita moja alitaka itoke pia, nikakataa katakata, kwa sababu usiku wa samiti maji ya kwenye chupa ya plastiki yanaganda na chai yenye tangawizi na sukari nyingi ndiyo imewafikisha wageni wangu wengi Uhuru kuliko maneno yangu. Tulipatana: chupa inabaki, naibeba mimi.

Maji ni mada peke yake. Juu ya Mulas unayeyusha theluji, na kila mmoja anatakiwa kunywa kama lita nne kwa siku. Hiyo ni kazi ya saa nyingi jikoni na gesi nyingi. Tumepiga hesabu ya mtungi mmoja mdogo wa gramu 230 kwa siku kwa watu wawili, na wa ziada. Mitungi haipandi ndege, tutainunua Mendoza mjini. Na maji yenyewe yanachemka kabla hayajawa moto wa kweli: pale Nido kama nyuzi 82, Cólera kama 80. Maharage sahau. Hata wali wa kawaida utakula gesi yote ukiwa bado una kiini. Kwa hiyo ni tambi nyembamba, viazi vya unga, shayiri, maziwa ya unga. Nilitamani kubeba dagaa wa Mwanza waliokaangwa, ni wepesi na wana nguvu, lakini Argentina inazuia vyakula vingi vya wanyama, matunda na mbegu kwenye mabegi ya abiria, na sitaki kuanza safari nikijieleza forodhani kuhusu dagaa. Unga wa lishe uliofungwa kiwandani nitaujaribu na nitautangaza. Wakiuchukua, wauchukue.

Wanawake wenzangu huwa wananiuliza kwa sauti ya chini, basi niseme kwa sauti ya kawaida: ndiyo, nabeba chupa ya kukojolea ndani ya hema na kile kifaa cha kukojoa ukiwa umesimama, na nimevifanyia mazoezi bafuni. Ukinywa lita nne, usiku utaamka mara tatu, na kutoka nje kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kila mara ni kupoteza joto ulilolipia. Choo kikubwa nacho kina utaratibu. Unapewa mfuko wenye namba, unachokifanya juu ya Mulas unakibeba chini, na mfuko ukikosekana kuna faini. Wagumu wetu waliokuwa wakisafisha vyoo vya kambi wangecheka sana kuniona.

Mazoezi nafanya nyumbani. Novemba hii ya mvua za vuli kazi ni chache, kwa hiyo asubuhi napanda barabara ya kutoka Himo kwenda Marangu na dumu la lita 20 ndani ya begi. Maji ni mazuri kuliko mchanga, kwa sababu ukifika juu unayamwaga na kuokoa magoti wakati wa kuteremka. Kina mama wa barabarani walinipa pole siku za mwanzo. Sasa wananiuliza kwa nini nayamwaga maji mazuri, na wameniletea mche wa parachichi niumwagilie.

Jambo ambalo mimi na kaka hatujakubaliana ni safari ya mwanzo wa Januari. Kampuni inanitaka niongoze kundi Kilimanjaro, njia ya Lemosho, kabla sijaondoka. Kaka anasema nitafika Mendoza nimechoka. Mimi nasema mwili uliolala Barafu unaondoka na faida ya kuzoea hewa nyepesi inayodumu wiki mbili tatu, na zaidi ya hapo, Januari ni msimu, na msimu ndio unaonilipia tiketi ya Addis Ababa, São Paulo, Buenos Aires. Nitaiongoza. Tumeongeza siku moja ya kulala tu Mendoza, mita 750, kula nyama na kunyoosha miguu.

Kuna makubaliano mengine tuliyoyaandika na kutia sahihi, kila mmoja na nakala yake. Kutoka Cólera tunaondoka saa kumi alfajiri. Ikifika saa nane mchana, popote tulipo, hata kama Canaleta, mpando wa mwisho wa mawe, imebaki mita mia na kilele kinaonekana, tunageuka. Mmoja akisema anageuka, wote wawili tunageuka, na hakuna kuulizana sababu hadi Mulas. Kaka ndiye aliyesisitiza kifungu cha mwisho. Mwezi Mei 2024 Mkenya mwenzake Cheruiyot Kirui alifia Everest akijaribu bila oksijeni ya mtungi, na Nawang Sherpa aliyekuwa naye hakurudi. Watu wa milima wa Nanyuki bado wanalizungumza kwa uzito, na mimi simwongezei maneno. Najua pia wapo waliofika na kurudi: Wilfred Moshi wa kwetu mwaka 2012, Rawan Dakik 2021, na James Kagambi wa Kenya 2022 akiwa na umri wa miaka sitini na zaidi. Hao ndio ninaowataja nikiongea na Mama.

Bima imenichukua muda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nyingi za wasafiri zinakoma kwenye mita fulani, mara 4,000, mara 6,000. Ukiwa na bima inayoishia 6,000 unakuwa umefunikwa hadi kwenye hema la Cólera tu, na siku unayoihitaji zaidi huna. Soma maandishi madogo, au mpe kijana wa chuo akusomee.

Vifaa vingine vimepatikana. Jaketi la manyoya nililipata soko la Memorial, Moshi, kwenye mitumba, zima kabisa, kwa bei ambayo Mzungu akisikia atalia. Mfuko wa kulalia wa baridi kali aliniachia mgeni miaka ya nyuma. Kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, tutakodi Mendoza. Kitenge cha kujifunga mdomoni kwa ajili ya vumbi la bonde la Horcones ninacho, na kinaoshwa.

Kilichobaki ni buti za tabaka mbili. Kilimanjaro hatuzihitaji, kwa hiyo hazizagai Moshi, na za kukodi kule Mendoza naambiwa namba ndogo zinaisha mapema msimu ukichanganya. Navaa 40, ila kwa soksi nzito nataka 41 au 42. Kama uko Moshi au Arusha na mgeni alikuachia pea ambayo imelala uvunguni, nitafute kabla ya Krismasi. Nakodi, nanunua, au tunabadilishana na koti langu la mvua ambalo halijamaliza mwaka. Za ngozi tupu nimeshaletewa pea tatu, asanteni, hizo hapana.