Simu yaporwa Kariakoo mchana kweupe

Leo Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, dada mmoja mbele yangu alikuwa anaongea na simu ukingoni mwa barabara. Bodaboda ikamjia kwa nyuma, wawili juu. Wa nyuma akanyoosha mkono, simu ikaenda. Kibao cha namba kilikuwa kimekunjwa, hakuna aliyekisoma. Dada wa watu alitetemeka mpaka tukamtafutia kiti dukani.

Jamani, vishandu, hawa waporaji wa pikipiki, hawavizii mfuko, wanavizia mkono. Ukipigiwa, ingia dukani kwanza, mgongo ukutani, ndipo upokee. Tembea ukiyatazama magari yanayokuja, mkoba ubebe bega la mbali na barabara. Na wakiushika mkanda wa mkoba, achia! Pikipiki inakuburuza.

Kilichoniuma zaidi ni pesa za mtandao zilizokuwa kwenye laini yake. Tulimwazima simu palepale, akapiga huduma kwa wateja wafunge laini kabla ya kwenda polisi. Huko utaulizwa IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na yeye hakuwa nayo. Bonyeza *#06# sasa hivi uione ya kwako, uiandike kwenye karatasi, uiache nyumbani.