Nguo za kulalia ndani ya ndege: nilivyoshinda aibu ya kubadili

Safari yangu ya kwanza ndefu katika daraja la biashara nilikaa muda wa saa 12 nikiwa na shati la mikono mirefu, suruali ya kitambaa na mkanda wa ngozi kiunoni. Kiti kilikuwa kinalala mpaka kikawa kitanda, mto upo, blanketi lipo, na bado nilijilaza nimejikaza kama niliyevaa kwa ajili ya kikao. Kilichonizuia ni aibu. Bosi wangu, mama wa makamo ninayemheshimu sana, alikuwa kiti cha ng'ambo ya njia, na kichwani mwangu pajama ni vazi la chumbani. Nitalivaaje mbele ya mkubwa wangu?

Yeye hakuwa na wasiwasi huo. Taa ya mikanda ilipozimwa tu, alichukua kifuko chake akaenda msalani, akarudi na suruali pana nyeusi ya pamba, fulana ya kijivu ya mikono mirefu na mtandio mwepesi begani. Akala, akalala. Asubuhi akaenda tena msalani, akatoka na suti yake imenyooka kama alivyopanda nayo. Mimi nilishuka shati limejikunjakunja mgongoni, mkanda umenichora tumboni, na viatu nimevilazimisha kuingia kwa sababu miguu ilikuwa imevimba.

Tukisubiri mizigo aliniuliza kwa nini sikubadili nguo.

"Nilikuona wewe, mama, nikaona haya."

"Mwanangu, haya ya nini? Stara iko kwenye nguo uliyoichagua. Jina la nguo halikuvui heshima."

Niliondoka na maneno hayo. Baadaye nilipotafuta kwa nini mwili wangu ulichoka vile, nikaelewa kwamba suala hili si la starehe peke yake. Shinikizo la hewa ndani ya ndege ikiwa juu hushushwa, ukawa kama mtu aliye mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400 hivi. Hewa iliyo tumboni hutanuka, ndiyo maana mkanda uliokutosha vizuri asubuhi unaanza kukubana usiku. Miguu nayo, ukikaa kitako muda mrefu, maji ya mwili hushukia huko. Na katika safari inayozidi saa 4, hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka, kwa hiyo inafaa kuinuka na kutembea, na nguo inayobana kiunoni na nyuma ya magoti haina msaada wowote.

Tena, daraja hili limebadilika. British Airways walipoweka viti vinavyolala kabisa katika daraja la biashara mwaka 2000, na mashirika mengine yakaja kufuata, sehemu hiyo ya ndege ikawa chumba cha kulala cha watu wasiojuana. Kuna mashirika yanayotoa pajama kabisa kwenye safari ndefu. Za Qantas, shirika la ndege la Australia, zinafahamika kwa kangaruu wake kifuani. Ukipewa ni zako, ondoka nazo. Blanketi na tandiko la godoro huachwa. Kama hujui shirika lako linatoa au halitoi, beba zako.

Safari ya pili nilijitosa, nikaharibu. Nilisubiri mpaka chakula kimeisha, saa ileile ambayo kila mtu anataka kupiga mswaki. Niliingia msalani na begi zima la mkononi. Sikuwa na pa kuliweka. Nikasimama kwa mguu mmoja, ndege ikatikisika, na suruali safi ya kulalia ikaanguka sakafuni, na sakafu ya choo cha ndege ikiwa na majimaji, usijidanganye kwamba ni maji ya bomba. Nikaanza kuisafisha kwa karatasi. Mtu akagonga. Nilipotoka, nikakuta foleni, na wa kwanza alikuwa mzee amejishikilia ukutani.

"Samahani sana mzee," nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa na kuharakisha kuingia.

Sura ya yule mzee ndiyo iliyonifundisha. Mpaka hapo nilikuwa nimejali tu nani ataniona na pajama, nisijue kwamba linalowaudhi wenzako ni mlango wa choo uliofungwa muda mrefu. Abiria wote wa sehemu ile wanategemea vyoo viwili, pengine vitatu. Kwa hiyo niliamua kubadili nguo kwangu kusizidi dakika 4, na nikafanya mazoezi nyumbani. Ndiyo, nilisimama bafuni na saa nikajipima.

Siku hizi ninavaa fulana nyeusi ya pamba chini ya shati tangu ninapotoka. Koti, tai na viatu navivua kwenye kiti, hilo halina ubaya. Ila chochote kinachogusa ngozi nakivulia msalani, hata kama kiti kina mlango wake. Wengi wanadhani ule mlango ni wa chumba. Kuta zake hazifiki darini, na mhudumu akipita anakuona kuanzia juu. Yeye yuko kazini na hakustahili kukutana na mwili wa mtu ambaye hakujua kwamba anavua.

Mkononi naingia na kifuko kimoja cha kitambaa chenye suruali ya kulalia na soksi, basi. Nafunika choo kwanza. Mara nyingi kuna ubao wa kumbadilishia mtoto nepi unaoshuka juu ya choo. Naushusha, naweka kifuko hapo. Baadhi ya ndege zina kibao kingine cha kusimamia unapobadili nguo, na ukikikuta, kitumie. Kisipokuwepo, nalegeza viatu bila kuvivua kabisa. Natoa mguu mmoja, naukanyagisha juu ya kiatu chake, haugusi sakafu.

Kisha linakuja lile ninalolithamini kuliko yote. Sishiki suruali kiunoni na kuiacha ining'inie. Naukusanya mguu wake wote mikononi, kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anavyokusanya soksi kabla ya kumvalisha mtoto. Naingiza mguu, navuta mpaka gotini, nahamia wa pili. Hakuna kinachoburuzika. Bega naliegemeza ukutani kwa sababu ndege haitoi taarifa kabla ya kutikisika, na taa ya mikanda ikiwaka nikiwa ndani, naacha nilipofikia na kurudi kitini kukaa.

Suruali ya kazi naikunja kwa kufuata mshono na kumwomba mhudumu anitundikie pamoja na koti kama kuna kabati. Kabla ya kumpa nakagua mifuko: pasipoti, simu, kalamu. Nilishawahi kuiacha pasipoti kwenye koti, nikalala kwa mashaka.

Kuhusu nguo yenyewe, msimamo wangu ni huu: iwe ambayo ungeweza kusimama nayo na kuzungumza na mkubwa wako bila kujifunika. Rangi iliyokolea, isiyoonyesha, suruali ndefu. Kaptura na kanzu fupi ya kulalia hapana, maana blanketi huteleza usingizini. Iwe pamba pia, kwa kuwa vitambaa vya nailoni huyeyuka kwenye moto na kushika ngozi. Kwa sababu hiyohiyo ya usalama, kwa kawaida sibadili kabla ya ndege kuruka. Wakati wa kuruka na wa kutua nataka niwe na viatu miguuni, kama kuna kukimbilia mlangoni. Na slipazi za kitambaa wanazogawa siendi nazo msalani hata siku moja.

Saa nazo nimezipanga. Naenda mara tu taa ya mikanda inapozimwa baada ya kuruka, watu wengi wakiwa bado wanachagua filamu. Kama nimekaa dirishani na nalazimika kumvuka jirani, ndiyo sababu zaidi ya kwenda kabla hajalala. Kurudi kwenye nguo za kazi ni saa moja na nusu kabla ya kutua, kabla hata harufu ya kahawa haijaanza, kwa sababu wakishawasha taa kila mtu anakumbuka choo, na nusu saa ya mwisho mara nyingi mikanda imeshafungwa. Saa yangu ya mkononi hunitikisa bila kelele. Isipokuwa safari ya usiku ikiwa fupi, ya saa 6 au 7: hapo nabadili uwanjani kabla ya kupanda, viatu nikibaki navyo, nipate usingizi wote.

Safari ya tatu na bosi wangu tulikaa tena jirani. Nilirudi kutoka msalani na suruali yangu ya pamba, akaniangalia, akarudi kwenye karatasi zake. Baada ya muda akaniita tupitie hesabu za kikao. Tulikaa karibu nusu saa chini ya ile taa ndogo, mkubwa na mdogo wake, wote na nguo za kulalia, tukibishana kuhusu safu ya tatu. Sikuikumbuka pajama hata mara moja mpaka aliponiambia nikalale.

Mwezi uliopita tulikuwa na kijana mpya wa ofisini, safari yake ya kwanza. Taa ya mikanda ilizimwa, naye amekaa wima, tai shingoni, begi dogo mapajani, ananiangalia mimi kisha anamwangalia mama. Nikainama upande wake.

"Mdogo wangu, choo cha kulia hakina mtu. Nenda sasa hivi, na miguu ya suruali ikusanye kwanza."