Nilivyofuatana na askari wa Mfalme mjini Copenhagen

Mpwa wangu ndiye aliyenizuia nisiende moja kwa moja Amalienborg, makao ya Mfalme wa Denmark, kutazama walinzi wake wakibadilishana zamu. "Mjomba, pale utaona mwisho tu. Tuanzie kambini, tutembee nao." Namshukuru mpaka leo.

Saa tano na nusu asubuhi tulikuwa nje ya kambi iliyo jirani na kasri la Rosenborg. Ngoma zikaanza, zikafuata filimbi, kisha bendi nzima, maana siku hiyo Mfalme Frederik X alikuwepo Amalienborg. Nyuma yao askari wa Livgarden, kikosi cha walinzi wa Mfalme kilichoundwa mwaka 1658: makoti ya buluu iliyokoza, suruali za buluu zenye mstari mweupe, na ile kofia ndefu ya ngozi ya dubu.

Nilipitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo macho yangu yalienda kwenye miguu. Sisi kwata tuliipigia uwanja wa vumbi, tambarare. Hawa wanapita juu ya mawe yaliyolowa mvua, wanakata kona, wanapenya katikati ya watu waliotoka madukani, na hatua haiyumbi. Katika Købmagergade, mtaa mwembamba wenye maghorofa pande zote, ngoma inagonga ukuta huu na kurudishwa na ule, unaisikia kifuani. Na wengi wao ni vijana tu, wako kwenye jeshi la kuitwa kama tulivyoitwa sisi. Nilitembea nao kwa fahari, utadhani kuna mwanangu humo.

Tukapita Kongens Nytorv, tukaingia uwanja wa Amalienborg saa sita kamili. Makasri manne yanautazama uwanja wenye pembe nane, katikati sanamu ya Mfalme Frederik V juu ya farasi wake. Hakuna uzio. Raia anapita na baiskeli mbele ya mlango wa mfalme! Anayedhani ulinzi huu ni wa kupigiwa picha tu akumbuke kwamba tarehe 9 Aprili 1940, Wajerumani walipovamia, askari wa kikosi hiki walirushiana nao risasi hapahapa.

Zamu ya zamani na mpya zikasimama zikitazamana, zikapeana heshima kwa silaha. Kisha kundi dogo likazunguka lindo moja baada ya jingine, likimwacha askari mpya na kumchukua aliyechoka. Nilisogea karibu na kibanda kimoja chekundu, chenye tundu la umbo la kopa ubavuni. Aliyetolewa alikuwa na alama nyekundu kidevuni, mkanda wa kofia ulipombana. Aliyeachwa hata ndevu hazijamkomaa. Wenzake wakaondoka na ngoma zao, uwanja ukanyamaza. Akameza mate, akaweka bunduki begani, akaanza kupiga hatua zake mbele ya ule mlango, kwenda na kurudi.