Betri Haiumwi, Ina Njaa

Kwa wiki mbili nzima pikapu ya mjomba ililala mlimani. Lushoto mteremko hautafutwi. Kila jioni aliipandisha hadi juu ya nyumba ya jirani, akaweka jiwe kwenye gurudumu, na asubuhi kazi yangu ilikuwa kuliondoa lile jiwe. Inateremka kidogo, gia ya pili, anaachia klachi, inakohoa, moshi, imewaka. Ilikuwa Julai, baridi ya Usambara inauma vidole, na ukizungusha ufunguo stata inajibu ta-ta-ta-ta, basi.

Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, najiona nimesoma umeme. Nikamwambia mjomba betri imekufa. Nilimwagia tamino, vile vichwa vya betri, maji moto kutoa ule unga mweupe, nikakaza nati kwa spana namba 10, nikaongeza maji ya betri. Wapi! Mjomba akanunua betri mpya, saizi ya N70, kwa hela za kabichi. Muuzaji hakupima kitu, na sisi hatukumwomba apime. Siku tatu gari liliwaka kwa ufunguo nami nikasifiwa. Siku ya nne, ta-ta-ta-ta.

"Haya," mjomba akasema, "na hii mpya nayo imeuawa na nani?"

Tulimfuata mzee mmoja, fundi umeme wa magari, aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Shikamoo, marahaba, akafungua boneti bila kuuliza mengi. Alikuwa na mita iliyofungwafungwa kwa tepu nyeusi. Akapima betri injini ikiwa imezimwa: 11.9. Betri ya volti 12 iliyoshiba, ikiwa imepumzika, husoma 12.6 hivi.

"Hii haiumwi," akasema. "Ina njaa."

Akabusti kwa betri yake, gari likawaka, akachomoa nyaya zake na kupima tena. 12.2. Akaniamuru niwashe taa kubwa. 11.8, na inazidi kushuka taratibu mbele ya macho yetu. Ingekuwa inalishwa, alisema, pale tungeona 14 na ushee. Mimi nilishanyoosha mkono kwenye altaneta, ile inayoichaji betri injini ikizunguka, kama mtu aliyegundua mwizi, lakini mzee hakuwa na haraka. Akabonyeza mkanda unaoizungusha, umekaza. Taa zikazimwa, akapima kwenye ile nati kubwa nyuma ya altaneta, umeme unapotokea: 12.2 vilevile. "Hapa ingekuwa 14 na kule kwenye betri 12, ningeukamata waya." Akapima waya wa ethi kati ya injini na betri, hakuna umeme unaopotea. Mwisho akaingia ndani, akavua kofia yake na kuifunika juu ya dashibodi, akachungulia. Akaniita. Ndani ya kile kigiza taa nyekundu ya betri ilikuwa inawaka kwa unyonge, kama kaa linalokaribia kuzimika. Wiki mbili ilikuwa inatuambia, na sisi tulikuwa tunaendesha mchana tu.

Altaneta ikashushwa na kufunguliwa. Ilinuka oili. Kwenye ile injini ya dizeli, nyuma ya altaneta kumefungwa pampu ndogo ya kunyonya hewa, inazungushwa na shafti hiyo hiyo na kulainishwa na oili ya injini. Sili ya katikati, ile ya kuzuia oili, ilikuwa imechoka, oili ikapenya upande wa umeme. Kaboni mbili, zile zinazosugua pete za shaba, zilikuwa zimelowa, zimeshika uchafu na kukwama kwenye nyumba zake. Moja ilibaki fupi kama punje ya mchele. Mzee hakuwa na kaboni za saizi ile wala sili. Labda Korogwe.

Hapo ndipo nilipotoa ujinga wangu ambao mjomba alinikumbusha kila Idi. Kabichi zilikuwa zimeshakatwa na tajiri anasubiri Mombo. Nikasema: dizeli ikishawaka haihitaji umeme wa maana, ni ule kidogo wa kufungua mafuta kwenye pampu. Tuchaji betri usiku, tuteremke bila altaneta, tukaitengenezee huko huko chini. Mjomba alianza kutikisa kichwa kukubali.

Mzee akaniangalia. "Mkanda uliokuwa unazungusha altaneta ndio unazungusha na pampu ya maji. Injini itachemka kabla hujafika Soni. Na hilo ni dogo." Akanikalisha kwenye usukani. "Kanyaga breki." Nikakanyaga, laini. "Tena." Laini. Mara ya tatu pedali ikawa ngumu, ya nne ikawa jiwe, nilihisi nakanyaga ukuta. Ule ulaini wa mwanzo ulikuwa akiba tu ya mnyonyo iliyobaki kwenye busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki. Anayeijaza ni ile pampu niliyotaka kuiacha juu ya kiti cha abiria. Nikaifikiria ile barabara ya kwenda Mombo, kona juu ya kona, mlima huku na bonde huku, na gunia za kabichi zikitusukuma mgongoni. Mjomba hakusema neno. Alitoka nje kutafuta gari la kukodi la kupeleka kabichi.

Mimi nilipanda basi kwenda Korogwe na kaboni ile fupi mfukoni kama sampuli. Kesho yake mzee aliosha kila kitu kwa petroli, akasugua pete za shaba kwa msasa laini, akaunga kaboni mpya kwa risasi, akabadilisha sili. Injini ilipowaka mita ikasoma 14.2. Taa kubwa, 13.9. Aliiacha inguruma robo saa nzima huku anakunywa kahawa, kisha akapima tena ndipo akapokea hela yake.

Ile betri ya zamani niliyoihukumu kifo ilichajiwa siku hiyo hiyo. Iliwasha redio na taa ya sebuleni kwa bibi miaka miwili zaidi. Mjomba, kwa upande wake, aliendelea kuilaza pikapu mlimani hadi siku alipoiuza.